Watu Niliowafungia Kwenye Simu

Mwalimu ndiye alianza. Namtaja yeye kwanza kwa sababu ni rahisi. Alituita wazazi shuleni hapa Kabazi akatuambia watoto wa siku hizi hawasomi na kitabu peke yake, wanasoma na simu pia, na mchezo nao ni masomo. Mimi niliachia shule darasa la nne. Ningebishana naye na nini?

Wa pili ni msichana wangu. Anafanya kazi ya maua upande wa Ndabibi na mimi ndiye nalea mtoto wake. Nilipompigia kumwambia maneno ya mwalimu, alituma simu yake ya zamani, ile ina ufa kwa kioo, na ndani ameweka mchezo wa shamba. Mtoto anapewa ardhi tupu ya kijani. Kwa kidole anajenga nyumba, anachimba mto, anaweka ng'ombe. Watu pia wako. Unawachagulia kofia na shati, halafu chini ya miguu unaandika jina.

Wa tatu ni mimi. Huko ndiko sitaki kufika, lakini nitafika.

Mwanzo niliona ni upuzi. Siku moja nilikuwa mlangoni napukuchua mahindi, mjukuu wangu akauliza, "Shosho, nyumba niweke wapi?"

Nikajibu bila kufikiri. "Weka pale juu, karibu na miti ya sipresi. Choo iwe nyuma, upepo usituletee."

"Na tangi?"

"Kando ya zizi."

Alipomaliza akanionyesha, na mikono yangu ikasimama. Lilikuwa shamba langu. Lile la kule juu, tulilofukuzwa wakati wa vita vya kura. Mimi nilitoka nimemshika msichana wangu mkono. Mzee wangu hakutoka.

Mtoto akauliza, "Majirani ni akina nani?"

Hapo ningesema weka mtu yeyote. Lakini nilimpa majina. Kulikuwa na yule aliyekuja kila asubuhi na jagi yake kuchukua maziwa kwangu, na siku tuliyofukuzwa alikuja na jerikeni ya petroli. Kulikuwa na ndugu yake mwenye trekta, aliyebeba mabati yetu kabla moshi haujaisha. Na naibu wa chifu, aliyetuambia tulale kwa nyumba zetu, hakuna mtu atatugusa. Majina yao sitayaandika hapa. Nayajua, na mtoto sasa anayajua, na hiyo ndiyo taabu yenyewe.

Aliyaandika polepole, sauti baada ya sauti, ulimi ukitoka nje kwa bidii. Hivyo ndivyo mjukuu wangu alivyojua kusoma. Mwalimu alinisifu kwa ajili yake.

"Na walifanywa nini, shosho?"

"Hakuna."

"Hawakufungwa?"

"Hakuna aliyefungwa."

Akafikiri kidogo. Kisha akawachorea ua pale karibu na mto, akawaweka ndani wote watatu, akafunga geti. Nilicheka mpaka nikapangusa macho na leso. Miaka yote hiyo, chifu hajawafunga, polisi hawajawafunga, na mtoto wa miaka saba amewafunga kwa kidole.

Ikawa mchezo wetu wawili. Nikitoka kwa vibarua vya viazi namuuliza, "Wafungwa wetu wameamkaje?"

"Wamenyeshewa, shosho."

"Waache wanyeshewe."

Ilikuwa tamu. Siwezi kudanganya kwamba haikuwa tamu.

Kisha mama mmoja akahamia chumba cha pili katika ploti yetu. Mume wake anafanya kazi ya umeme wa mvuke kule Olkaria, anakuja mwisho wa mwezi. Nilimsikia akiongea lugha ya kwao kwa simu, nikajua wametoka upande gani. Upande wa wale wa jagi na trekta, na nikamwambia mjukuu wangu hao ni watu wao. Nilimsalimia, akanisalimia, tukagawana kamba ya nguo. Mtoto wake wa kike ni wa rika la mjukuu wangu, na hao hawakungoja wakubwa. Vichwa viwili juu ya simu moja. Huyo mtoto mgeni ndiye alileta fikira ya daraja juu ya mto. Ndiye aliweka twiga nje ya jikoni, eti awe anaonja mboga kupitia dirisha. Shamba langu la majonzi likaanza kuwa na vituko, na mimi nikawa napenda kuchungulia.

Jumamosi moja nilikuwa nafua, nao wameketi kando ya beseni. Nikasikia mgeni akiuliza, "Hawa nao mbona wamefungiwa?"

Mjukuu wangu akajibu vile mtu anavyojibu hesabu. "Hao ni watu wa kwenu. Walichomea shosho nyumba."

Mtoto yule akainamia simu kusoma. "Hili ni jina la babu yangu."

"Basi ni yeye."

Nilisikia kila neno. Mikono yangu ilikuwa ndani ya povu, na haikutoka. Ningesema jina moja linaweza kuwa la watu wengi. Niliendelea kusugua kola ambayo ilikuwa safi. Mtoto alivaa malapa yake akaenda kwao.

Hakurudi. Mjukuu wangu alijenga peke yake, ameketi mahali anaweza kuona mlango wa jirani. Halafu mama mwenyewe akaja, akasimama nje akiwa na sufuria mkononi kama mtu aliyekuwa akipita tu.

"Mathe, sijakuja kugombana. Mtoto wangu ameniuliza babu yake alichoma nani."

"Si yeye," nikasema.

"Mimi najua si yeye. Baba yangu alikufa nikiwa mdogo, kabla ya vita hivyo. Lakini mimi nikimwambia, anafikiri namtetea. Mwambie wako."

Nikasema nitamwambia. Nikakaa nalo kama mtu mwenye jino bovu. Kumtaja mtu aliyenichoma, mdomo wangu umezoea. Kumtaja mtu ambaye hakunichoma, sijui nianzie wapi. Na kila jioni nilimwona mtoto ameketi palepale, akiangalia mlango uleule. Wale watatu walinichukulia shamba. Lakini huyu rafiki, ni mimi niliyemchukua.

Mwishowe nilimwita. "Babu ya rafiki yako hakuchoma mtu."

"Wewe ulisema ni watu wao."

"Nilisema vibaya. Walikuwa hao watatu. Rafiki yako na babu yake hawamo."

Akanitazama sana. Kisha akauliza, "Kwa hivyo niwafungulie?"

Sikutegemea swali hilo. Huyo wa trekta ndiye alikuwa na jina la babu. "Fungulia huyo," nikasema. "Na huyo wa serikali." Geti likafunguka, wakatoka na kofia zao, wakaanza kuzunguka karibu na twiga.

"Na wa maziwa?"

"Huyo mwache."

Hakuuliza kwa nini. Alichukua simu akaenda mlango wa jirani, nikawasikia.

"Niaje."

"Poa."

"Nimemfungulia babu yako."

"Si babu yangu."

"Najua. Lakini nimemfungulia."

Kisha malapa yakaja yakiburuta, na wote wawili wakaketi kwa ngazi yangu kana kwamba hawajawahi kuondoka. Mgeni akatazama shamba lote, akaweka kidole pale kando ya mto.

"Huyu naye?"

Nilikuwa hapo hapo, maharagwe mapajani. Neno lilikuwa langu, nilikuwa na nafasi ya kulisema. Mjukuu wangu akaniangalia, akangoja kidogo, akaona silisemi.

"Huyo ni wa shosho," akamwambia. "Tusimguse."

Wakaanza kujenga barabara kutoka darajani hadi nyumbani. Walipofika kwenye ule ua wa mto wakaikunja, ikamzunguka, wakaendelea.