Kilima Kati Yangu na Ng'ombe Wangu

Nakumbuka asubuhi moja ya Desemba, mwanangu, nilipopanda Uru, mlimani juu ya mji wa Moshi, nikiwa nimekwisha kumuuza ng'ombe wangu kichwani. Mlima ulikuwa wazi kabisa, mweupe juu, wa buluu chini, wala sikuutazama. Nilikuwa natazama makochi. Yenyewe yalikuwa mjini, mtaa wa Soweto, sebuleni kwa mteja wangu Mama Happy, rangi ya damu ya mzee, yana vitambaa vya kufuma mgongoni. Lakini nilikuwa nayabeba machoni, na kila mgomba niliopita niliuona umekaa juu yake.

Ngoja nikwambie nilikuwa nani. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, fundi wa nguo kwenye baraza la duka mjini Moshi, nikishona kwa cherehani ya kukodi. Kila jioni sehemu ya nilichopata ilikwenda kwa mwenye cherehani, hata siku niliyoshona kifungo kimoja tu. Ndiyo maana nikadunduliza, nikajinyima, nikanunua mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado. Mjini sikuwa na pa kumweka. Nikampeleka kwa Shangazi Apolonia, dada yake baba, kama watu wetu walivyozoea tangu zamani: wewe una ng'ombe, mwenzako ana banda na mikono. Maziwa na samadi vinabaki kwa anayefuga, ndama anakuwa wako. Mpango wangu ulikuwa mwepesi kuusema. Mtamba azae, ndama akue, nimuuze, ninunue cherehani yangu mwenyewe. Desemba ile mtamba alikuwa na mimba kubwa. Nilikuwa karibu sana kufika, na nadhani hilo ndilo lililonipa kiburi.

Sasa makochi yaliingiaje? Yaliingia kwa mlango wa kicheko. Krismasi iliyotangulia, ndugu walipopanda kutoka Dar kama wanavyopanda kila mwaka, binamu yangu Fulgensi na wenzake walikuja kunisalimu chumbani kwangu. Nilikuwa na kitanda, kigoda na ndoo ya maji. Fulgensi, ambaye Mungu alimpa maneno mengi kuliko kazi, alikaa kitandani akajinyoosha.

"Aurelia," akasema, "kwako mgeni anakaa kitandani kama amelazwa. Basi tuletee na uji."

Wakacheka, nami nikacheka kuliko wote. Lakini wao waliondoka na kicheko kikabaki. Nilikifagia asubuhi, jioni nikakikuta tena chini ya kitanda.

Kwa hiyo Mama Happy aliponiambia kwamba mumewe amehamishiwa Mwanza na makochi yanauzwa, niliyanunua moyoni kabla hajataja bei. Alisema kuna mwalimu mmoja wa Rau anayataka, lakini mimi ni kama mdogo wake, atanisubiri hadi Jumamosi, siku ambayo lori la mizigo linaondoka. Bei yake haikupishana sana na bei ya mtamba mwenye mimba. Jioni ile ile nikamtafuta dalali wa ng'ombe mwenye pikapu, na Alhamisi asubuhi tukapanda. Nikamwacha njia panda ya kanisani, nikaenda mbele kwa miguu ili nimwandae shangazi.

Nilimkuta kihambani, katikati ya kahawa na migomba, amejifunga kanga kiunoni, anapalilia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umepanda na viatu vya harusi?"

Nikamweleza yote. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilijua atanikumbusha cherehani, na nilikuwa na jibu. Atanikumbusha marehemu baba, na nilikuwa na jibu la hilo pia. Hakunikumbusha chochote. Aliuliza tu kama huyo dalali amekuja na majani kwenye gari lake. Nikasema hana.

"Basi ng'ombe hatoki kwangu na njaa," akasema. "Watu watasema Apolonia alikuwa anamlisha ng'ombe wa mwenzake mashina ya migomba. Mundu uko nyuma ya mlango. Kamkatie majani, ale, ndipo uniambie habari ya kuuza."

Nikamwambia dalali ananisubiri.

"Kilabu cha pombe ya mbege kiko pale pale njia panda," akajibu, akaendelea kupalilia. "Hatachoka."

Mwanangu, kama hujawahi kukata majani ya ng'ombe wa mlimani, sikia. Huko juu hayapatikani ya kutosha, kwa kuwa kila kipande cha ardhi kimeshikwa na kahawa au mgomba. Lazima ushuke mpaka chini tambarare, ukate, ufunge mzigo, uuweke kichwani juu ya ngata ya majani makavu ya migomba, kisha upande njia yote uliyoshuka. Kushuka nilishuka na hasira, viatu mkononi. Nilimsema shangazi moyoni mpaka maneno yakaisha. Wakati wa kupanda shingo ilikuwa imezama mabegani, jasho linaingia machoni, na kichwa kilichobeba mzigo hakina nafasi ya kubeba makochi pia. Mahali fulani kwenye mteremko mkali, nikiwa nimesimama kuvuta pumzi, swali likanijia bila kuitwa. Fulgensi atakaa kwangu muda gani? Atakaa mchana mmoja. Siku nyingine zote nitakaa mimi, tena si kwenye makochi, maana nitakuwa barazani, kwenye cherehani ya mtu.

Nisikudanganye kwamba nilibadilika pale pale. Nilifika, nikautupa mzigo bandani, mtamba akaanza kula kwa ile sauti yao ya kutafuna isiyo na haraka, ubavu wake ukainuka mahali pamoja kisha ukashuka, ndama anageuka ndani. Nikaona. Na bado nikasema, kwa ukaidi wa ujana, "Nimekata. Sasa je?"

"Sasa umechoka," shangazi akasema. "Aliyechoka hafanyi biashara. Oga, kuna mtori wa ndizi jikoni. Kesho ukimaliza kumkatia, utasema."

Dalali nilimkuta kilabuni anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya pili, peke yake. Akaniambia hana neno, kesho yupo. Kweli Ijumaa alirudi. Shangazi akampokea vizuri, akamuuliza kama amekuja na mundu wake au aazimwe. Hatukumwona tena.

Siku ile nilikata tena, nikapanda tena. Sikumbuki tuliongea nini jioni yake, labda habari za majirani. Jumamosi niliamka nikachukua mundu bila kuambiwa. Nilikuwa njiani napanda, mzigo kichwani, jua limeanza kuwa kali, ndipo nikakumbuka lori. Saa ile lilikuwa linaondoka. Nikasimama, nikautegea uchungu uje. Haukuja. Kitu ambacho Alhamisi niliona nitakufa nikikikosa, Jumamosi kilipita mbali kama gari la watu nisiowajua, na mimi nikajikuta nawaza kama ndama atazaliwa kabla ya mvua.

Krismasi ikaja, Fulgensi akaja, akakaa kitandani. Safari hii nilimletea uji kweli, kwenye bakuli la hospitali nililoazima kwa jirani, na kijiko. Chumba kizima kilicheka, yeye akaunywa wote, na walipoondoka waliondoka na kicheko chao.

Ndama alikuwa dume. Alipokua tulimuuza, nikanunua cherehani nyeusi yenye maua ya dhahabu shingoni. Jioni ya kwanza niliyorudi nyumbani na kila senti niliyoshonea, nilikaa kwenye kigoda nikalia. Cherehani hiyo imesomesha watoto wangu. Imejenga nyumba hii ya Rau ninamokuandikia. Ninapoisafisha namshukuru Mungu, kisha namshukuru shangazi.

Nilimshukuru na yeye mwenyewe, miaka mingi baadaye, magoti yake yakiwa yamekwisha kukataa mteremko. Nilimpelekea gauni la kitenge nililomshonea, nikakaa karibu naye, nikamwambia jinsi alivyonifundisha kuiacha tamaa ichoke yenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu," akasema, "mgongo ulikuwa unaniuma wiki nzima, na ng'ombe ana mimba. Nikaona msichana mwenye nguvu anapanda kilima. Mimi nilitaka majani."

Akalilaza gauni magotini, akalipapasa mshono.

"Lakini Jumapili ungesema tena kwamba unauza, ningekufungulia banda. Alikuwa ng'ombe wako."

Tangu siku hiyo namshukuru mara mbili. Hakunishinda kwa maneno, wala hakuninyang'anya kilicho changu. Alinipa kazi ya mikono na muda, kisha akaniachia niamue nikiwa mtu mzima.

Ndiyo maana nakuandikia, mwanangu unayesoma haya kwenye simu. Pesa yako imo humo humo kwenye simu. Duka limo humo, mkopo umo humo, kubeti kumo humo, na kati yako na vyote hivyo hakuna hata mteremko mmoja. Unabonyeza kabla jasho halijakutoka. Kisha unajilaumu kwamba huna akili. Akili unayo, ila inakuja kwa miguu, na tamaa imepanda bodaboda. Usijitukane. Jiwekee kilima.

Pesa yenye kazi maalumu iweke mahali ambapo kuifikia kunakuchosha: kwa dada yako anayeuliza maswali, kwenye kikundi chenu cha kuweka akiba, kwenye akaunti usiyoitembeza mfukoni. Usiamue kununua wakati kicheko cha mtu bado kinalia masikioni mwako. Anayekushikia Jumamosi mkononi kama panga, mwache aondoke na Jumamosi yake. Na kila ukitaka kitu kikubwa, kibebee kwanza mzigo. Fua, palilia maharage, tembea kwenda kazini wiki hiyo. Ukishakata majani mara kadhaa na bado unakitaka, basi kinunue, ukifurahie, na usimwombe mtu radhi. Hata mimi makochi nilinunua baadaye, damu ya mzee vilevile, na nimeyakalia sasa hivi. Fulgensi akija analala juu yake kama amelazwa.

Mungu akujalie, mwanangu, nyumba ya kukimbilia siku utakapokuja mbio na haraka yako, na mtu wa kukuonyesha mundu ulipo bila kukutukana. Akupe shingo ya kubeba na pumzi ya kupandia. Na utakapofika juu, umekwisha kutulia, umkute ng'ombe wako bado yumo bandani, anakula.