Kilio cha Mazoezi

Wanafunzi wangu wa teatre hapa shuleni Kalemie, kando ya ziwa, wana ugonjwa mmoja: wakiigiza kifo wanacheka. Marehemu amelala chini tumbo linamtikisika, na waombolezaji wanajifunika vitambaa usoni nisije nikaona meno. Mimi si mtu wa subira. Nilishawafukuza ukumbini zaidi ya mara moja.

Mwaka mmoja walitunga wenyewe mchezo kuhusu mvuvi aliyezama. Nafasi ya binti wa marehemu nilimpa msichana mmoja mpole ambaye hakuwahi kunichekea jukwaani. Baba yake alikuwa akifanya biashara ya samaki wakavu kati ya hapa na Moba, na wiki ile mtumbwi wake wa mota ulikuwa umechelewa. Ziwa lilikuwa limechafuka, simu yake haipatikani. Mama yake aliacha kwenda sokoni. Nilimuuliza msichana kama angependa kupumzika.

"Hapana, Prof. Nitacheza."

Siku ya mazoezi tulifungua madirisha yote kwa sababu ya joto. Zamu yake ilipofika alifunga kitenge kiunoni, akaangua kilio. Hakuna aliyecheka. Kilio kile sikumfundisha mimi.

Sasa, kwetu kilio hakiulizwi. Ukikisikia unaacha sufuria motoni, unafunga kitenge, unaingia na kulia; jina la marehemu utalijua ukishakaa. Wanawake waliokuwa wakipita barabarani wakaanza kuingia, wakaketi sakafuni, wakalia. Nilipiga makofi, nikapaza sauti: "Bamama, ni teatre! Ni mazoezi tu!" Nani angenisikia? Walimtambua mtoto, walijua habari za mtumbwi uliochelewa, mengine wakajijazia wenyewe.

Ndipo mama yake akatokea mlangoni, hana viatu, mikono kichwani. Aliambiwa njiani kwamba binti yake analia shuleni, akaamini shule ndiyo iliyopata habari. Na binti alipomwona mama yake katika hali ile, akaamini habari imefika nyumbani. Wakaangukiana. Mchezo uliishia pale, na mimi nikaogopa kweli.

"Mwalimu, nani alikuletea habari?" mama aliniuliza baadaye, sauti imemkauka.

"Hakuna muntu, Mama. Hakuna."

Alinitazama kama mtu anayefichwa jambo.

Kesho yake baba akarudi, mzima. Mota ilikuwa imeharibika, wakajisitiri kwenye kijiji kimoja cha ufukweni mpaka ikatengenezwa. Mtaani watu walimsalimu, lakini walisimama mbali kidogo, na wengine hawakumpa mkono, kwa kuwa alikuwa ameshaliliwa. Yeye aliona ni kichekesho. Alikuja shuleni na binti yake, akaketi kwenye benchi la mbele akicheka.

"Mwalimu, nasikia mulinililia muzuri sana. Leo mangaribi narudia Moba. Mutoto anionyeshe kwanza."

Nilitaka kumwambia aache utani, lakini msichana alikuwa ameshasimama katikati ya ukumbi. Akafungua mdomo. Sauti haikutoka. Baba akacheka tena, safari hii kidogo tu. Nje upepo wa ziwa ulikuwa ukipiga mabati.

"Prof," msichana akasema, macho yake kwangu, si kwa baba yake. "Mumukataze Papa asipande mutumbwi. Machozi yake nilishamaliza."