Dole la Kwanza

Admini wa grupu yetu ya mtandaoni ya wauza omena, dagaa wa ziwani, hapa Muhuru Bay hafungui simu kabla ya kukausha vidole kwenye leso, kimoja kimoja. Alama ya dole la kuelekea chini ameizima kabisa. “Kama omena ya mwenzako ina mchanga, mwandikie ina mchanga,” hutuambia, bila kuinua macho. Jana Marion, mgeni wetu, alimuuliza tukianika, “Kwani mama, hilo dole unaliogopea nini?” Mikono yetu ikasimama. Sote tulimkumbuka Celestine, aliyetuma picha ya omena safi, akarundikiwa madole arobaini ya kuelekea chini bila neno hata moja, akaacha biashara. Admini alikausha vidole vilivyokuwa vikavu tayari. “La kwanza lilikuwa langu,” akasema. “Kidole kilikuwa na maji, kikateleza. Nyinyi mkanifuata.”