Kipande cha Kanga Kwenye Usukani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia na vumbi lake lote kila ninaposikia pikipiki ikizimika ghafla barabarani. Lakini siku hiyo haielezeki bila safari yake, na safari yenyewe ilianza mbali.

Nilitoka Tabora nikiwa kijana, nimemaliza sekondari, nimekaa nyumbani mpaka kukaa kumenichosha. Mama aliuza ng'ombe ili nipate pikipiki. Siku ya kuondoka alishika usukani akaniambia, "Hii ndiyo zizi langu lote, baba. Ukiipoteza, hakuna nyingine." Nilikuwa naelekea Kibaha, mtaa wa Pangani, kwa rafiki niliyesoma naye. Aliniambia kazi ya bodaboda huko ilikuwa ndiyo kwanza inachangamka.

Mjomba naye akaongeza lake. "Watu wa Pwani wanacheka sana. Anayecheka sana ana anachokificha. Usile cha mtu usiyemjua."

Nikabeba maneno yale kuliko nilivyobeba nguo. Singida, Manyoni, Dodoma, Gairo, kote nilipita nikiwa na macho ya sungura. Nililala kwenye vituo vya mafuta, kamba imefungwa toka gurudumu la nyuma mpaka kifundo cha mguu wangu. Mtu akinisalimia, najiuliza anataka nini. Asiponisalimia, najiuliza kwa nini amekaa kimya. Malori yalikuwa yakinipita na upepo wao ukinisukuma pembeni, nami nikayaona kama yananikusudia. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, lakini hawakusema tahadhari iwe ndiyo chakula chako asubuhi na jioni.

Nilipofika Mlandizi nikaambiwa askari wa barabarani wamejaa mbele. Sikuwa na leseni. Muuza mafuta mmoja akanielekeza nikate kulia, nipite Mzenga, nizunguke nitokee Kisarawe, kisha niingie Kibaha kwa nyuma. Nikamshuku hata yeye, ila askari niliwaogopa zaidi.

Nilikuwa nimeshaipita Mzenga, nashuka mteremko wa mchanga mwingi, nikaona mbele wanaume wanasukuma baiskeli za mkaa. Magunia yalikuwa yamewafunika, unaona miguu tu. Walikuwa wametapakaa njia nzima. Mtu mwenye akili tulivu angepunguza mwendo na kupiga honi. Mimi nikasema moyoni: ndio hawa, wananizibia njia. Nikaongeza mwendo nipenye pembeni. Gurudumu la mbele likazama mchangani, usukani ukaniponyoka, na kitu cha mwisho nilichokiona ni mkorosho ukinijia.

Nilipofumbua macho, juu yangu kulikuwa na bibi mwembamba, kiko cha tumbaku mdomoni, mikono kiunoni. Wale wabeba mkaa walikuwa wamenizunguka. Mmoja alikuwa amenivua kofia ngumu na kunishika kichwa.

"Kijana, umetoka wapi?" aliniuliza yule aliyenishika kichwa.

"Tabora," nikajibu kwa shida.

Yule bibi alipiga makofi. "Tabora! Mnyamwezi! Mtumwa wangu amerudi mwenyewe! Njia yote hii pana, ameikosa, amekwenda kuugonga mkorosho wangu wenye maua! Leteni jembe tumfukie hapa hapa awe mbolea!"

Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Bega lilikuwa linawaka moto, mguu umevimba, na watu nisiowajua wanacheka na kuagiza jembe.

Bibi huyo aliitwa Bi Tatu, Mzaramo wa pale pale, mjane mwenye shamba la mihogo na mikorosho. Walinibeba mpaka zahanati, nikaambiwa mfupa wa bega umevunjika, nifungwe mkono na nitulie mpaka ushike. Sikuwa na pa kutulia. Simu ilikuwa imepasukia mfukoni, na namba ya rafiki yangu imekufa nayo. Wakanirudisha kwa Bi Tatu.

Sasa sikiliza jambo lililoninyima usingizi. Alichana kipande cha kanga yake kuukuu, akakifunga kwenye usukani wa pikipiki yangu, fundo juu ya fundo. Akaamuru isukumwe ndani ya chumba chake mwenyewe, pembeni ya kitanda. "Hii mateka yangu," akasema. "Haitoki mpaka Mnyamwezi ajikomboe."

Habari za utani wa Wazaramo na Wanyamwezi nilikuwa nazijua, mwanangu. Nani nchi hii hajui? Lakini mimi nilikulia mjini, na utani niliouona ni wa kijiweni, watu wanataniana kuhusu chakula na mpira, basi. Sikuwahi kuona utani unaoingia mpaka kitandani kwa mgonjwa. Pikipiki ya mama ilikuwa nyuma ya mlango wa mtu anayesema nizikwe. Ungekuwa wewe, ungelala?

Nikaanza kujilinda. Chakula chake nilikila kwa masharti: nilikula tu kilichokuja na ganda lake. Yai la kuchemsha, ndizi, chungwa. Ugali wa muhogo na kisamvu nilivisukuma pembeni nikisingizia tumbo. Bi Tatu aliligundua mapema.

"Njooni muone!" aliwaita majirani. "Mnyamwezi wangu anakula kama nyani, mpaka amenye mwenyewe!"

Nikawa nasema tu, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mtumwa. Umeamka? Nilidhani umekufa, leo tunapumzika."

Alinitukana asubuhi akinikanda mguu kwa maji ya moto, akanitukana mchana, akanitukana jioni akinigeuza nisilalie bega. Sikumjibu hata neno moja. Niliona nyumbani nimefundishwa heshima, na tena mwenye nguvu kwa wakati ule alikuwa yeye.

Asubuhi moja nikasikia jembe linapiga ardhi nyuma ya nyumba. Nikajikokota hadi dirishani. Mdogo wake Bi Tatu, Mzee Pazi, alikuwa ndani ya shimo, udongo umefika kifuani.

"Kaburi lako hilo," Bi Tatu akasema nyuma yangu. "Bahati nzuri wewe mfupi, hatutachoka."

Nikajikokota kurudi kitandani.

Mtu pekee aliyenipa amani pale alikuwa Hamza, mnunuzi wa mkaa, aliyekuja na gari lake dogo la mizigo kukusanya magunia. Hamza hakutukana mtu. Alikaa pembeni ya kitanda, akasema, "Pole sana, ndugu yangu. Hawa bibi wa shamba hawana ustaarabu. Mimi nina fundi wangu kule Masaki ya Kisarawe, nitakupelekea pikipiki inyooshwe, nawe nitakufikisha Kibaha." Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na mimi nilikuwa nyoka aliyekwishachoka na pango.

Tukapatana. Siku Bi Tatu alipokwenda msibani kijiji cha pili, Hamza akaja mchana na mpakizi wake, mwanaume mmoja mpana wa pale pale. Mlango wa Bi Tatu haukuwa na kufuli, ulifungwa kwa kijiti tu. Hata kijiti hicho nilikishuku, nikadhani kina dawa. Tukaisukuma pikipiki mpaka uani. Mpakizi akainama ainyanyue, akaona kile kipande cha kanga. Akarudi nyuma.

"Hii imefungwa na mtani. Mimi siigusi."

"Acha ushamba wewe, pandisha!" Hamza akafoka. Ndiyo mara ya kwanza nilisikia sauti yake ikibadilika.

"Bosi, piga, tukana, kata ujira wangu. Fundo la mtani halikatwi na mtu baki. Anafungua aliyefunga, baada ya kukombolewa. Bibi huyu nitamtazamaje?"

Hamza akanigeukia, tabasamu limerudi. "Basi kata wewe, ndugu yangu. Halafu nipe na kadi ya pikipiki, nitembee nayo njiani. Wewe mbele hutaenea leo, magunia mengi. Nitakuja kukuchukua kesho."

Alinipa kisu. Nikakishika kwa mkono mzima. Kadi ilikuwa ndani ya soksi yangu, na hapakuwa na mtu aliyejua. Kwa nini kadi, karatasi ya mwenye mali? Na hiyo nafasi ya mbele, si alikuwa ameahidi kunichukua? Tangu Tabora nilikuwa nimemshuku kila aliyepita mbele yangu, isipokuwa huyu mmoja, kwa sababu tu aliniita ndugu.

"Nitasubiri," nikamwambia. "Niache nisubiri."

Hamza aliondoka bila kuaga. Mpaka leo sijui kama alikuwa mwizi au mtu mwenye haraka zake. Sikumuona tena, na sitamsingizia. Ila kadi ilibaki kwenye soksi.

Mzee Pazi alinikuta nimekaa uani, pikipiki nje, kisu mkononi. Hakuuliza. Alitazama lile fundo, akaona bado lipo, akaketi juu ya kinu.

"Dada yangu anakutukana tangu ufike," akasema. "Umewahi kumjibu?"

"Hapana, mzee. Namheshimu."

"Heshima gani hiyo? Mtani akikutukana nawe ukanyamaza, unamwambia: mimi na wewe hatujuani. Hakuna tusi lililomfikia dada yangu kama huo ukimya wako. Kila siku analala akisema, 'Mtoto yule hanitaki, hata chakula changu hataki.' Mababu zako walipita hapa na mizigo vichwani wakienda pwani. Waliougua, mababu zangu waliwauguza. Waliokufa, waliwazika. Ndipo utani ulipozaliwa. Ungekuwa mtu baki, tungekuhurumia tukakuacha zahanati."

Nikaona aibu, lakini shaka haifi kwa siku moja. Nikamuuliza, "Na lile shimo?"

Mzee Pazi akacheka mpaka akashika mbavu. "Choo! Choo cha zamani kiko kule mihogoni, na wewe mguu mmoja. Dada aliniambia nichimbe cha karibu usije ukaangukia huko. Mgongo wangu umekwisha kwa ajili yako, halafu unadhani kaburi?"

Bi Tatu aliporudi jioni, akaona pikipiki iko nje. Akasimama, akalitazama lile fundo. Ndipo nikaelewa kwamba kwake pia lilikuwepo jambo la kuogopa: kwamba mtani wake anamkataa. Nikajikaza.

"Wewe kibibi cha Kizaramo," nikasema. "Nimeitoa nje pikipiki yangu ipate hewa. Chumba chako kinanuka kiko mpaka injini inakohoa. Na leo nataka ugali, uwe mwingi, maana najua hujui kupika, lakini njaa haichagui."

Halafu yule mwanamke akatupa kanga chini, akapiga vigelegele. "Anaongea! Kumbe Mnyamwezi ana ulimi! Pazi, njoo, mtumwa ananitukana!" Alicheka huku anafuta macho. Nikala ugali na kisamvu mpaka nikalamba vidole. Bega liliposhika, akafungua fundo mwenyewe, kile kipande cha kanga akaniachia. Ukombozi wangu ulikuwa kuokota korosho chini ya ule mkorosho nilioujeruhi.

Nilifika Pangani ya Kibaha, nikafanya bodaboda miaka mingi. Nikipata nafasi narudi Mzenga kutukanwa. Mtembezi hula miguu yake, mwanangu, na mimi sikuzaliwa kukaa. Rafiki zangu waliniuliza kwa nini sihami Kibaha kama nilivyohama Tabora. Mimi nikawasha pikipiki, nikaelekea Mzenga.

Kisha nikapigiwa simu: Bi Tatu amefariki. Nilifika jeneza likiwa uani, watu wameshika tama wakilia. Wakanitazama, nikajua wananisubiri mimi, maana mazishi hayakamiliki bila mtani. Nikatoa mfukoni kile kipande cha kanga, nikakifunga kwenye mguu wa jeneza, fundo juu ya fundo.

"Haendi popote huyu!" nikapaza sauti. "Aliniahidi kunizika mimi, sasa anatoroka kazi! Kibibi mvivu! Mpaka mnikomboe!"

Shehe akatazama pembeni akitabasamu. Wanawake wakacheka na kulia kwa pamoja. Mzee Pazi, mgongo umepinda, akaniwekea korosho mkononi. "Chukua, mtumwa. Mwachie dada yangu aende." Nikafungua fundo. Nikabeba jeneza kwa bega lile lile lililovunjika.

Alasiri hiyo hiyo niliwasha pikipiki nikashika njia ya kusini, na Pwani sikurudi kukaa tena. Hapakuwa na mtu wa kunitukana.

Mimi si mzee wa mvi nyingi, lakini barabara imenizeesha, kwa hiyo nipokee. Sikuambii uache kushuku; dunia ina kina Hamza, na huenda hata Hamza mwenyewe hakuwa mwizi. Ila shaka yako isikae kwenye maneno peke yake. Anayekuita ndugu na anayekuita mtumwa, wote wawili waangalie mikono: nani amekukanda mguu, nani ameomba kadi. Ukifika ugenini, kabla hujaogopa, uliza watu wa pale wanapendana kwa maneno gani. Na ukitaniwa, jibu. Ukimya nao ni mlango uliofungwa, na anayebaki nje ni mtu aliyekuchimbia choo.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akuepushe na mchanga wa mteremko. Na kama imeandikwa uanguke, basi akuangushe chini ya mkorosho wenye mwenyewe, na mwenyewe awe na ulimi mkali na maji ya moto jikoni.