Nyuzi Nyekundu Kwenye Maboga Yangu

Mishahara ilipokatika, kambi yetu ya wafanyakazi ya Panda iligeuka shamba. Wakubwa wa kazi walikuwa na magari ya kuondokea. Sisi tulikuwa na lupango, uwanja nyuma ya nyumba. Bwana wangu alilima, mimi nikapanda maboga. Mbegu nilipewa na nkambo, mwanamke mzee wa nyumba ya jirani, mjane aliyekaa peke yake.

Maboga yalitoa maua mengi. Lakini yale yenye kiboga kidogo chini yake yalikuwa yananyauka na kudondoka, leo mawili, kesho manne. Watoto wangu watatu walikuwa wanakula bukari, ugali wetu, mara moja kwa siku, na walikuwa wananitazama mimi.

Nilifanya kama mama wote wa kambi. Asubuhi nilichuma maua yasiyo na kiboga, tuliyoyaita maua ya bure, nikayapika pamoja na majani. Hayazai, basi yaliwe. Hayo sikuyafikiria hata kidogo. Nilikuwa natafuta muntu aliyeyaroga.

Nikampata. Maboga ya mjane yalijaa, yangu yalidondoka. Mchungaji wetu aliniuliza nani alinipa mbegu. Nilipomwambia akafumba macho: "Mama, mwenye kutoa ndiye anajua kukamata." Hakutaja jina. Alijua nitalitaja mimi.

Siku moja niliamka mapema kuliko kawaida, nikamkuta mjane ameinama katikati ya maboga yangu. Alikuwa na ua la bure mkononi, amelichuna, analisugua ndani ya ua lenye kiboga. Kisha akalifunga mdomo kwa uzi mwekundu. Pamoja na hilo, matatu yalikuwa yamekwisha fungwa.

"Nkambo, unafunga nini mu lupango yangu?"

Hakushtuka. Hilo nalo niliona ni dalili.

"Niko naoza binti zako," akasema. "Hii ni bwana, ile ni bibi. Nyuki ndio walikuwa wanafanyaka hii kazi, lakini walinzi wa ghala waliwachoma wote juu ya kutaka asali. Na weye kila asubuhi unakulaka babwana, kisha unauliza batoto beko wapi."

"Na unakuja kama mwizi?"

"Weye ukiamka, babwana beko mu sufuria. Na hauniamkiaka tena tangu uingie mu ile kanisa."

"Na uzi?"

"Ni mulango. Mvua isiingie."

Alikuwa na jibu kwa kila kitu, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Nikapiga kelele: mulozi, mchawi! Mama wa kambi wakaja, mchungaji akaja, kila mmoja akauona uzi. Hakuna aliyempiga, mpaka leo watu wanajisifu kwa hilo. Kabla ya jioni alikuwa amefunga godoro lake, akaenda kwa mwanawe huko Kakanda.

Nyuzi niliogopa kuzigusa. Siku chache tu, na maua mengine yote yenye kiboga yalikuwa chini. Yale matatu yalikuwa yamenona kama ngumi, kila moja na uzi wake mwekundu kwenye ncha. Yalipokomaa, mchungaji aliyaombea, akaondoka na lile kubwa. La pili tulilila sisi.

Wakubwa waliotukatia mishahara ninawataja kwa makosa yao. Walinzi waliochoma nyuki, nao, na mchungaji aliyeshiba boga la mulozi wake. Lakini aliyepiga kelele ni mimi.

La tatu nililifunga kwenye kitenge, nikapanda lori mpaka Kakanda. Alilipokea kwa mikono miwili. Akaligonga, akalinusa, akaligeuza atazame chini yake.

"Nkambo, ni mutoto wa zile harusi zako," nikamwambia.

Hakucheka. Alilipika mbele yangu, akapakua sahani mbili, akanisogezea moja.

"Kula kwanza, mama."

Nikala; safari hii mwenye kutoa nilikuwa mimi. Yake hakuigusa mpaka alipoona nimemeza, mara mbili.