Damu ya Roboti

Wiki ile kila mgonjwa tuliyempima alionekana kupungukiwa chembe nyeupe za damu. Watoto, wazee, wajawazito, hadi mlinzi mmoja aliyekuja kupimwa kwa ajili ya kazi mpya, mzima wa afya, kifua kama mlango.

Wote. Isipokuwa mtu mmoja.

Nisomeni hadi mwisho, halafu mnitukane mkitaka. Nimestahili.

Mimi ni mkuu wa maabara kwenye hospitali ndogo. Mashine yetu ya kuhesabu damu kila asubuhi huwekewa kwanza damu maalumu ya kiwandani, ambayo hesabu yake imeandikwa kwenye kichupa. Mashine ikitoa hesabu ileile, tunaanza kazi.

Sasa vichupa vikaisha. Mzigo mpya ukakwama, kila tukipiga simu tunaambiwa "kesho".

Tukajiongeza. Tukaanza kutumia damu ya Roboti.

Roboti alikuwa msaidizi wangu. Jina tulimpa sisi, maana hachelewi, haugui, na kwa miaka minne chembe zake nyeupe zilikuwa elfu sita. Hazipandi, hazishuki. Tena jamaa alikuwa mlevi wa filamu za anga za mbali.

"Dada mkubwa," aliniambia siku ya kwanza nikimfunga mpira mkononi, "kwenye filamu wanaweka tone moja tu la damu, taa nyekundu inawaka, wanajua huyu si binadamu."

"Wewe taa itaungua kabisa. Kunja ngumi."

Siku ya tisa, mashine ikasema Roboti ana elfu tisa.

"Mashine imechoka hii," nikasema. Nikaingia kwenye mipangilio yake, nikaishusha hadi hesabu ya Roboti ikarudi elfu sita.

Siku nne baadaye, elfu kumi na moja. Nikaishusha tena.

Hapo ndipo hesabu za wagonjwa wengine wote zilipoanza kushuka. Daktari akaingia maabara bila kubisha hodi.

"Kuna nini humu? Watu wote chembe zimeshuka! Ni virusi gani hivi?"

Roboti akakenua. "Ndivyo filamu zinavyoanza, daktari. Kitu kinaingia mjini kimyakimya, kinawala watu ndani kwa ndani."

Tukacheka. Mimi nilicheka huku mwili ukinisisimka, sijui kwa nini. Fizi za Roboti zilikuwa na damu.

"Badilisha mswaki, mdogo wangu," nikamwambia.

Ijumaa asubuhi nikaishusha mashine mara ya tatu. Pale nilipokuwa nikimchoma Roboti sindano pamekuwa bluu hadi karibu na kiwiko.

"Unanishona kama godoro," akasema. Safari hii hakucheka.

Mchana akaanguka kando ya jokofu, anawaka homa. Daktari akaagiza hesabu ya damu. Nikampima mwenyewe, kwa mikono hii.

Elfu sita.

Nikasaini. Akapewa dawa za homa, akaenda kupumzika nyumbani.

Jumatatu mzigo ukafika. Kichupa kiliandikwa elfu nane. Mashine ikasema elfu mbili kasoro.

Nikarudia. Elfu mbili kasoro.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walishasema. Mashine haikuwa imeharibika hata siku moja. Nimeiharibu mimi.

Nikarudisha mipangilio ya zamani, nikatoa kwenye jokofu damu ya Roboti ya Ijumaa.

Elfu ishirini na tano.

Nikaweka tone kwenye kioo, nikainamia hadubini. Chembe kubwa kubwa, changa, zimejazana hadi hazina pa kupita. Mtu wa maabara akiziona hahitaji kuambiwa. Saratani ya damu.

Nikampigia simu. Akapokea dada yake.

"Tuko njiani kwenda hospitali ya rufaa. Hajaamka tangu alfajiri."

Aliishi siku sita.

Wagonjwa wote tuliwaita, tukawapima upya. Chembe zao zilikuwa sawa, hakuna virusi wala nini.

Msibani dada yake alinipa karatasi iliyokunjwa mara nne, ameikuta mfukoni mwa shati la marehemu. Majibu ya Ijumaa, na sahihi yangu chini.

"Jumamosi tulimsihi aende hospitali nyingine," akaniambia taratibu, bila hasira. Afadhali angenitukana. "Akatuonyesha hii. Akasema, dada mkubwa hakosei."

Ndugu zangu, mashine ilisema kweli mara tatu, na mara tatu nikaifunga mdomo. Nilikuwa radhi kuamini kwamba chuma kimeugua kuliko kuamini kwamba mtu ameugua. Nyumbani kwenu kuna mmoja asiyeugua, asiyelalamika, ambaye wengine wote mnapimwa kwake. Mnamjua.

Leo mwulizeni hali yake. Akisema yuko sawa, mwulizeni tena.