Mama Aliyesafisha Chemchemi

Wanyoike alitoka Murang'a mwaka wa 1968, miezi michache baada ya kumzika mkewe, Nduta. Yeye na wenzake walikuwa wamechanga wakanunua shamba la mzungu karibu na Turbo, na walipopiga kura ya kugawana, chemchemi pekee ya upande ule ikaangukia kwake. Aliona Mungu amemkumbuka. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maombi marefu, na tangu msiba ule alikuwa akiomba jambo moja tu: amsikie Mungu karibu naye, hata mara moja. Lakini kila alipoomba, alisikia sauti yake mwenyewe tu.

Majirani wote walichota maji pale, na jambo hilo lilimkera. Akaleta waya na nguzo, akawaambia watafute maji kwingine.

Siku ya kuchimba mashimo alishuka mapema, ukungu ukiwa bado umelalia mahindi. Akamkuta Chepkorir amepiga magoti kwenye matope. Mama huyu mzee alikuwa amekamua ng'ombe wa mzungu miaka mingi, na sasa aliishi kwa binti yake ng'ambo ya barabara. Alikuwa akizoa majani yaliyooza kwa mikono, polepole, huku akinong'ona kwa Kinandi.

Wanyoike alikuwa karibu kumfukuza aliposikia jina lake. Lugha hakuijua, lakini jina ni jina. Likafuata la Mwihaki, binti aliyekuja naye kutoka Murang'a.

"Mama, unanitaja kwa nani?"

Chepkorir hakugeuka. "Kwa Mungu. Wewe si unakunywa hapa?"

Akamweleza kwamba tangu siku za mzungu husafisha pale kila asubuhi kabla watu hawajaja, na humwombea kila anayekunywa. Kisha akalitaja jina ambalo Wanyoike hakuwa amemwambia mtu yeyote wa huku.

"Nduta. Binti yako aliniambia mama yake hakuwahi kuyaonja maji haya. Nikaona nisimwache nje."

Wanyoike akaweka jembe chini, akasogea amsaidie.

"Vua viatu kwanza," mama akasema. "Utachafua maji."

Maneno kama hayo alikuwa ameyasoma kanisani mara nyingi, kwa sauti kubwa. Akavua gambuti, akapiga magoti, akatumbukiza mikono kwenye maji yaliyokuwa baridi kama barafu. Hakuna sauti iliyotoka mbinguni. Lakini alijua, kwa hakika iliyomtetemesha, kwamba pale matopeni walikuwa zaidi ya wawili. Akalia bila kuona haya.

Waya aliufunga, ila kwa kuzuia ng'ombe tu; watu akawawekea mlango usio na kufuli. Kila asubuhi alishuka kumsaidia mama, na maombi yake kanisani yakawa mafupi hata wengine wakadhani anaumwa.

Mwaka wa 1974 magoti yalimshinda Chepkorir, na Wanyoike akawa anampelekea debe la maji hadi mlangoni. Siku moja, kabla ya kunywa, mama akamuuliza yule mgeni aliyehamia juu kwenye kilima anaitwaje. Wanyoike hakujua. Alikuwa amemwona mara mbili, akampita. Akalitua debe, akaanza kupanda kilima kwenda kumuuliza.